Panya Anajuaje Kuwa Hapa Ndipo Penye Sukari?

Panya wa maabara akishaizoea njia yenye tone la maji ya sukari, huanza kulamba mrija kabla tone halijatoka. Mtazame kwa karibu: anapunguza mwendo, sharubu zinaelekea mbele, kisha ulimi unatoka upesi upesi, mara kadhaa kwa sekunde. Sisi tunaotafiti ubongo tunauthamini sana ulambaji huo wa mapema. Unatuonyesha kuwa mnyama anajua yuko wapi, na anajua mahali hapo pana faida gani.

Vitabu vingi huyaweka mambo haya mawili katika sura mbili. Kumbukumbu ya mahali wanaipa hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo, na kujifunza kwa zawadi wanakupa dopamini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli za ubongo. Msimamo wangu ni kwamba ndani ya ubongo wenyewe hakuna ukuta huo.

Historia ya upande wa mahali imesimuliwa sana, kwa hiyo nitaipitia haraka. Mwaka 1971, John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky wa University College London waliripoti seli za hipokampasi zinazotoa mapigo ya umeme pale tu panya anapokuwa sehemu fulani. Tunaziita seli za mahali. Mwaka 2005, kundi la May-Britt na Edvard Moser kule Trondheim, Norwei, likaeleza seli nyingine, katika gamba la entorinali lililo jirani na hipokampasi, zinazogawa eneo zima kwa mpangilio wa pembetatu. O'Keefe na wanandoa hao wakapata Nobel mwaka 2014.

Lakini kuona seli inapiga mnyama akiwa kwenye kona hakuthibitishi kwamba mnyama anaitumia seli hiyo kuijua kona. Huenda inafuata tu ujuzi uliohifadhiwa kwingine. Jaribio ninalolipenda kuliko yote katika fani hii lilifanyika Paris, na matokeo yake yalitoka mwaka 2015 kutoka kundi la Karim Benchenane. Kwanza walimwacha panya azunguke uwanjani huku elektrodi, yaani nyaya nyembamba za kunasa umeme wa seli, zikisikiliza hipokampasi, wakachagua seli moja ya mahali. Kisha panya akalala. Usingizini seli hizi hupiga zenyewe, na kila seli hiyo iliyochaguliwa ilipopiga, kompyuta ilichochea papo hapo nyuzi zinazobeba hisia ya zawadi katikati ya ubongo. Panya yuko kitandani mwake, hajasogea hata hatua. Alipoamka na kurudishwa uwanjani, alielekea moja kwa moja pale ambapo seli ile huwakilisha, kana kwamba aliwahi kula kitu kizuri hapo. Hakuwahi. Kumbukumbu hiyo ilitengenezwa akiwa amelala, kwa kuunganisha mapigo ya seli moja na zawadi.

Mwaka 2020 kundi la Michael Häusser, London, lililijibu swali hilohilo kwa njia nyingine. Panya alikimbia mahali pamoja huku skrini zikimwonyesha njia, na kupitia kidirisha kilichowekwa kwenye fuvu watafiti waliziona seli na kuziwasha kwa leza, kikundi kidogo kwa wakati mmoja. Walipowasha seli za mahali pa zawadi, panya akaanza kulamba ingawa hajafika. Kwangu mimi, baada ya majaribio haya mawili ule wasiwasi wa kwamba seli zinafuata tu umekwisha.

Sasa, inakuwaje panya apajue mahali kwa kufika hapo mara moja tu? Kanuni ya zamani ilidai seli mbili zipige karibu kwa pamoja, ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, tena mara nyingi. Panya porini hana muda wa kurudiarudia hivyo. Mwaka 2017 kundi la Jeffrey Magee lilionyesha kwamba tukio moja la umeme la muda mrefu ndani ya seli ya hipokampasi linatosha kuifanya seli ya mahali. Viungio kati ya seli hiyo na nyingine vilivyokuwa kazini sekunde chache kabla au baada ya tukio hilo huimarishwa. Sekunde chache ni muda wa kutosha kukimbia kipande kizima cha njia, kwa hiyo mlango uliopitwa kabla ya chakula nao unaingia kwenye kumbukumbu.

Kuhusu dopamini, mitandaoni inaitwa kemikali ya furaha, na jina hilo linapotosha. Kule Morogoro, wakufunzi wa APOPO, shirika linalofunza panya kunusa mabomu ya ardhini, huwafundisha panya buku kwa mlio mfupi unaofuatwa na chakula. Wolfram Schultz, akirekodi nyani, alionyesha kinachotokea katika mafunzo ya namna hiyo: mwanzoni seli za dopamini huitikia zawadi, baadaye huitikia ishara inayoitangulia, na zawadi iliyotarajiwa isipokuja, mapigo yake hushuka. Zinachopima ni tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana.

Tena dopamini hiyo haitoki sehemu moja. Mwaka 2016, watafiti wa Edinburgh na wenzao walionyesha kwamba lokasi seruleasi, kiini kidogo katika shina la ubongo, nacho humwaga dopamini kwenye hipokampasi ya panya. Wanyama hao walijifunza chakula kimefukiwa kwenye shimo gani la mchanga. Waliokutana na kitu kigeni nusu saa baadaye walikumbuka vizuri zaidi kesho yake.

Nyuroni, yaani seli za ubongo zinazotoa mapigo ya umeme, nazo haziko peke yake, na hapa ndipo ningependa wanafunzi wangu waweke nguvu. Kuna seli zenye umbo la nyota, astrosaiti, ambazo tulifundishwa kuwa kazi yake ni kulisha nyuroni na kusafisha mazingira yake. Mwaka 2022 kundi la Inbal Goshen, Jerusalem, liliripoti kwamba katika hipokampasi ya panya, shughuli za astrosaiti hupanda taratibu kadiri mnyama anavyokaribia mahali pa zawadi anapopafahamu. Akihamishiwa mazingira mapya, kupanda huko hakuonekani. Na kwa kuzisoma astrosaiti peke yake, bila nyuroni hata moja, watafiti waliweza kukadiria panya amefika wapi njiani.