Wabahai: tunayosingiziwa na tunayoyaishi

Mbahai wa Afrika Mashariki, yaani mfuasi wa dini ya Bahai, hakosi kuulizwa maswali. Kwenye daladala, msibani, kazini wakati wa chai, mtu atainamisha sauti: "Hivi nyie kule ndani mnaabudu nini?" Mara nyingi anayeuliza hana ubaya. Sisi ni wachache, hatuhubiri kwa vipaza sauti barabarani, na uvumi hufika kwa jirani kabla yetu. Naandika kama muumini, nikitaka jirani huyo atujue tulivyo, pamoja na yale ambayo huenda asiyapende.

"Ni Waislamu waliobadili jina." Hili twalisikia zaidi pwani, na si ajabu, maana majina ya waasisi wetu ni ya Kiarabu na Kiajemi. Imani yetu ilianza Shiraz, Iran, mwaka 1844, pale mfanyabiashara kijana aliyejulikana kama Bab alipotangaza kwamba Mjumbe mpya wa Mungu anakuja. Mwaka 1850 akapigwa risasi hadharani mjini Tabriz. Bahaullah, aliyezaliwa katika ukoo wa vigogo wa Tehran na kumkubali Bab, alitangaza mwaka 1863 akiwa Baghdad kwamba ndiye aliyeahidiwa. Kwa hiyo imani ilizaliwa kati ya Waislamu, kama vile Ukristo ulivyozaliwa kati ya Wayahudi, lakini ina maandiko yake, sala zake, kibla chake na kalenda yake ya miezi 19, kila mmoja siku 19. Mfungo wetu ni wa siku 19, mwezi wa Machi, toka jua linapochomoza hadi linapozama. Mtume Muhammad tunamwamini kuwa Mjumbe wa kweli, sawa na Musa na Yesu. Tofauti ipo, na kuificha ni kumdanganya Mwislamu: sisi tunaamini kwamba Mungu hajaacha kutuma Wajumbe. Naye Bahaullah hatumwabudu. Anayeabudiwa ni Mungu mmoja.

"Makao makuu yao yako Haifa, basi ni watu wa Israeli." Tazama miaka. Bahaullah hakuchagua kwenda huko. Alipelekwa Akka, mji ulio karibu na Haifa, mwaka 1868 akiwa mfungwa wa dola ya Uthmaniya, na akafia karibu na mji huo mwaka 1892. Masalia ya Bab yalizikwa Mlima Karmeli, Haifa, mwaka 1909. Taifa la Israeli liliundwa mwaka 1948. Tumebaki pale kwa sababu makaburi yetu matukufu yako pale.

Uongo huu umeua watu, ndiyo maana siwezi kuupita haraka. Iran, tangu mapinduzi ya 1979, Wabahai zaidi ya 200 wameuawa, na tuhuma ya ujasusi wa Israeli imetumika tena na tena. Tarehe 18 Juni 1983, mjini Shiraz, wanawake kumi walinyongwa kwa kuwa walikataa kuikana imani yao. Aliyekuwa mdogo kuliko wote, Mona Mahmudnizhad, alikuwa na umri wa miaka 17, na kosa lake mojawapo lilikuwa kuwafundisha watoto darasa la dini. Wengi wetu tunafundisha darasa hilohilo, Jumamosi asubuhi, chini ya mwembe, na hakuna anayetugusa.

"Hao ni Frimasoni." Hapa nyota yenye pembe tisa ndiyo inayotuponza, watu wanaona alama wasiyoijua na wanamaliza hesabu. Mbahai haruhusiwi kujiunga na Frimasoni wala chama kingine chochote cha siri. Tisa ni tarakimu kubwa kuliko zote za peke yake, nasi tumeifanya alama ya ukamilifu na umoja.

Anayetaka kujua tunaficha nini na apande kilima cha Kikaya, Kampala. Nyumba ya Ibada iliyoko pale ina historia yake. Tulikusudia kujenga Tehran, lakini mwaka 1955 serikali ya Iran ilitugeukia, hata kuba la kituo chetu kikuu mjini humo likabomolewa. Shoghi Effendi, aliyekuwa Mlezi wa imani wakati huo, yaani kiongozi wetu mkuu, akaamua nyumba ijengwe Afrika. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1958, milango ikafunguliwa Januari 1961. Iko milango tisa, na yeyote anaingia. Ndani hutakuta sanamu, mimbari wala mahubiri, na hakuna kikapu cha sadaka kinachopitishwa. Yanasomwa maandiko ya dini mbalimbali, kwaya inaimba bila ala. Idi Amin alipopiga marufuku madhehebu kadhaa mwaka 1977, nasi tulikuwemo, na nyumba ikafungwa hadi alipoondoka. Pembeni, katika makaburi, amezikwa Enoch Olinga, Mganda wa kabila la Wateso aliyeipeleka imani Kameruni mwaka 1953 na ambaye aliuawa Kampala mwaka 1979 pamoja na mkewe na watoto wao watatu. Sasa tuna Nyumba za Ibada pia Matunda Soy nchini Kenya, tangu 2021, na Kinshasa, tangu 2023.

Wapo wasemao tunalipwa na wazungu. Mfuko wetu hupokea mchango wa Mbahai tu. Asiye Mbahai akileta fedha kwa ajili ya imani, anarudishiwa kwa heshima. Nani ametoa kiasi gani hakitangazwi.

"Mchungaji wenu ni nani?" Hatuna. Hatuna shehe, padri wala nabii wa mtaani. Kila mwaka, mwezi wa Aprili, tunachagua watu tisa wa Baraza la Kiroho la Mahali kwa kura ya siri. Hakuna mgombea wala kampeni. Kila mtu anaandika majina tisa anayoona yanafaa. Kila siku 19 tunakutana: sala kwanza, kisha mashauriano, kisha chai na vitafunio. Katika mashauriano, mama muuza mboga ana haki sawa na daktari kusema kwamba pesa imetumika vibaya.

Juu ya yote iko Nyumba ya Haki ya Ulimwengu, watu tisa, huchaguliwa Haifa kila miaka mitano, na wote ni wanaume. Dada zetu hutuuliza kuhusu hili, na wana haki ya kuuliza, kwa kuwa sisi wenyewe tunahubiri usawa. Ndivyo maandiko yalivyo, na sababu yake haikuelezwa. Vyombo vingine vyote viko wazi kwa wanawake.

"Ukiingia hutoki." Aliyeacha kuamini anajitoa, na anabaki kuwa ndugu na rafiki. Ila anayedai bado ni Mbahai huku akipinga mamlaka ya imani na kuigawa jumuiya, huyo hutengwa, na hatushirikiani naye. Ni nadra, lakini mtu aambiwe kabla hajajiandikisha.

Kura ya serikali tunapiga. Kinachokatazwa ni kujiunga na chama cha siasa. Pombe hatunywi. Na ndoa? Kuoa au kuolewa na mtu wa dini nyingine kunaruhusiwa, watu wengi hushangaa. Sharti gumu ni ridhaa ya wazazi wote walio hai, wa pande zote mbili, hata kama si Wabahai. Vijana wetu wamewahi kusubiri muda mrefu kwa sababu ya baba mmoja tu. Ridhaa ikipatikana, kinachobaki ni kiapo kifupi mbele ya mashahidi wawili. Pilau na ngoma ni hiari ya familia.