Rangi na visasili katika ushairi mpya wa Kiajemi

Ushairi mpya wa Kiajemi ni ule ulioanzishwa na Nima Yushij, aliyelegeza mizani na vina vya kale. Rangi ndani yake hubeba maana kutoka kwenye lugha yenyewe, na kutoka kwenye visasili vilivyomo katika Shahnameh, utenzi ambao Ferdowsi aliumaliza mwaka 1010.

Tuanze na kijani. Kiajemi ni sabz, na sabz shodan, yaani "kuwa kijani", ndiko kuchipua. Mshairi Forugh Farrokhzad anapanda mikono yake bustanini na kusema atakuwa sabz. Mfasiri akiandika "nitakuwa kijani", msomaji ataona mikono iliyopakwa rangi. Aandike "nitachipua". Kiswahili kingeweza kumsaidia, kwa kuwa kijani chetu nacho kimezaliwa na jani.

Nyeupe na nyekundu hukutana kwa Siavash wa Shahnameh, mwana wa mfalme aliyesingiziwa kumtamani mama yake wa kambo. Ili kuthibitisha usafi wake anapita motoni juu ya farasi mweusi, kavaa nguo nyeupe, kajinyunyizia kafuri kama maiti anayeandaliwa kuzikwa. Ndiyo hiyo karafumaiti tunayoijua. Nyeupe yake basi ni usafi na ni sanda kwa wakati mmoja. Moto haumdhuru, ila baadaye anachinjwa ugenini, Turan, na damu yake inaota mmea. Mshairi wa leo akitaja jina hilo tu, msomaji wa Irani anamwona asiye na hatia aliyeuawa. Palipo na wakaguzi wa maandishi, hilo ni kimbilio kubwa.

Lakini maana hizi hupinduliwa. Mehdi Akhavan Sales alichapisha Zemestan, "Majira ya Baridi", mwaka 1956, miaka mitatu baada ya serikali ya Mosaddegh, waziri mkuu wa Irani, kupinduliwa. Humo wekundu wa angani si alfajiri, anasema. Ni sikio lililoumwa na baridi, alama ya kofi la majira hayo. Mwenye kushika kwamba nyekundu ni matumaini au damu ya shujaa atalipoteza shairi papo hapo.

Buluu nayo ina mtego. Kabud, buluu iliyokolea, katika ushairi wa kale ni vazi la msiba. Abi imetokana na ab, maji, na kwa Sohrab Sepehri, aliyekuwa pia mchoraji, maji ni utulivu na uwazi. Ukikuta "buluu" kwenye tafsiri, tafuta kwanza ni ipi kati ya hizo mbili.