Kagua namba kwanza, rangi za ramani baadaye

Ramani nyingi za idadi ya watu huharibika kabla rangi haijachaguliwa. Mtu anaunganisha jedwali na mipaka ya kaunti, kisha anakimbilia kupaka. Kwenye QGIS, programu ya kutengeneza ramani, bonyeza kwanza alama ya Σ kwenye upauzana. Paneli ya takwimu itafunguka. Chagua leya ya kaunti, chagua safu ya idadi ya watu, usome. Hapa natumia sensa ya Kenya ya 2019.

Count (hesabu ya kaunti) lazima isome 47 na Sum (jumla ya watu) isome 47,564,296. Ukiona 48 na 95,128,592, jedwali limeingia pamoja na mstari wa jumla ya nchi, ufute. Tazama pia Missing, yaani thamani zinazokosekana. Ikisoma 2 au 3, tatizo huwa ni majina: faili moja imeandika Tharaka-Nithi kwa kistari na nyingine bila kistari, au alama ya Murang'a imetofautiana. Muungano unashindwa kimyakimya na kaunti inabaki NULL, yaani bila thamani yoyote. Usijaze sifuri hapo, kwa sababu NULL hairuhusiwi kuingia kwenye wastani ilhali sifuri inaingia na kuushusha. Ni afadhali kuunganisha kwa msimbo wa kaunti.

Na kama paneli haionyeshi wastani kabisa? Safu imesomwa kama maandishi, kwa kawaida kwa sababu ya mikato ya maelfu. Fungua kikokotoo cha safu, tengeneza safu mpya ya namba kamili, uandike:

to_int(replace("idadi", ',', ''))

Sasa linganisha Mean (wastani) na Median (thamani ya katikati). Wastani ni takriban 1,012,006. Ukizipanga kaunti kwa ukubwa, ya katikati ni Busia, yenye watu 893,681. Pengo hilo la zaidi ya laki moja linatokana na kaunti chache kubwa zinazouvuta wastani juu. Robo ya kwanza ya kaunti inaishia karibu 609,000 na ya tatu karibu 1,160,000. Zidisha tofauti ya namba hizo mbili kwa 1.5, ujumlishe juu ya robo ya tatu: unapata karibu 1,987,000, kikomo cha kutambua namba zilizozidi nyingine mno. Zinazovuka hapo ni Nakuru, Kiambu na Nairobi yenye 4,397,073. Zisifutwe, si makosa. Ni miji na viunga vyake.

Hapo ndipo uchaguzi wa madaraja ya rangi unapopata maana. Ukichagua Equal Interval kwa madaraja 5, kila daraja lina upana wa karibu 850,000. Kaunti 29 zinaangukia la kwanza, 14 la pili, 3 la tatu, la nne halina kitu, na Nairobi inakaa peke yake juu. Lamu yenye watu 143,920 inapata rangi moja na Siaya yenye 993,183! Equal Count hugawa kaunti 9 au 10 kila daraja, lakini fungua kichupo cha Histogram uone mipaka inakatia wapi, kwa sababu huweza kutenganisha kaunti zinazokaribiana sana.

Hata hivyo, kwa ramani ya kupaka mimi sipendi idadi tupu. Wajir ina watu wengi kuliko Vihiga, 781,263 dhidi ya 590,013, lakini Wajir haifikishi watu 15 kwa kilomita ya mraba na Vihiga inazidi 1,000. Kokotoa msongamano hivi:

"idadi" / ($area / 1000000)

Safu mpya iwe ya desimali. Ukitumia area($geometry) kwenye leya ya EPSG:4326, mfumo wa latitudo na longitudo, eneo litatoka kwa digrii za mraba na eneo la Vihiga litasoma chini ya 0.1. Ukishapata safu hiyo, irudishe kwenye Σ uisome upya kabla ya kugusa rangi.