Rangi mbili na bakteria wa udongoni

Wiki ya uhamasishaji kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, 18 hadi 24 Novemba, inatukuta hapa Mwanza na ombi lilelile: "Mwili wangu umeshaizoea hii dawa, nipe kali zaidi." Mwili hauzoei antibiotiki. Mwenye usugu ni bakteria.

Harufu ya ardhi mvua ya kwanza inapogonga vumbi la Igoma hutokana zaidi na bakteria wa udongoni, Streptomyces. Ukoo huo ulitupa streptomaisini, iliyopatikana Marekani mwaka 1943 ikawa antibiotiki ya kwanza kutibu kifua kikuu, kisha tetrasaikilini, mojawapo ya kapsuli mnazoziita rangi mbili. (Penisilini inatokana na kuvu, tusichanganye.)

Tetrasaikilini ni pete nne zilizoungana kwa safu. Ikiingia ndani ya bakteria hung'ang'ania ribosomu, kiwanda chake cha protini, na kuziba pale malighafi inapopokelewa. Bakteria anadumaa, kinga ya mwili inammalizia. Mbona basi haimdhuru anayeitengeneza? Ana pampu ya kuitoa nje, na protini inayolinda ribosomu zake. Jeni za ulinzi wa aina hiyo bakteria hupeana, hata wasio wa ukoo mmoja. Kila dozi isiyo ya lazima inaua wanyonge na kuwaachia uwanja wenye pampu.

Mwaloni Kirumba nilimkuta kijana aliyechomwa na mwiba wa sangara, anafungua kapsuli kwa meno na kumwaga unga wa njano kidoleni. Nikamwambia aoshe kwa sabuni na maji safi. "Dokta, mzee wangu alitumia hiyohiyo akapona." Kidonda kidogo hupona chenyewe, jamani!

Pete zile hukamata kalsiamu na chuma. Ukimeza pamoja na maziwa au vidonge vya kuongeza damu, dawa nyingi hupita bure. Wajawazito na watoto chini ya miaka 8 kwa kawaida hawapewi, kwa kuwa huganda kwenye meno yanayoota na kuyatia rangi.

Ukiagizwa mkojo uoteshwe, yaani bakteria waliomo waoteshwe maabara ili watambuliwe, chukua kikopo cha maabara, siyo chupa ya asali. Nawa, achia mkojo wa mwanzo, kinga wa katikati, funga. Ufike ndani ya saa 2, kabla ya kumeza dozi ya kwanza. Fomu ionyeshe saa ya kuchukua sampuli na dawa ulizotumia karibuni. Isiyo na saa itarudishwa. Sampuli iliyoshinda kwenye daladala hatupokei. Majibu ni siku 2 hadi 3, na kupiga simu kila asubuhi hakuwaharakishi bakteria kuota.

Wenye maduka, antibiotiki ya cheti kuiuza bila cheti ni kosa: kuna faini, kuna kufungiwa, kuna mahakama. Wafugaji wa kuku, muda wa kusubiri baada ya kutibu umeandikwa kwenye pakiti. Mayai ya siku hizo hayaendi sokoni, wala kwenye banda la chipsi.