Lantana si ndugu wa kivumbasi

Wapo wengi mkoani Kigoma wanaoamini kwamba lantana, kichaka chenye vishada vya maua ya njano na waridi, ni seji (mmea wa kiungo unaonukia) ya porini na hivyo ni ndugu wa kivumbasi, kwa kuwa vyote viwili vina shina la pembe nne na majani yanayonukia yakipondwa. Dalili hizo hazitoshi. Tunda ndilo shahidi bora. Seji za kweli, zaidi ya spishi 900 za jenasi Salvia, zimo pamoja na kivumbasi katika familia ya mnanaa, ambayo tunda lake kwa kawaida hugawanyika kuwa vijitunda vinne vikavu. Lantana, yenye asili ya Amerika ya kitropiki, ni ya familia nyingine, na tunda lake ni laini, jeusi likiiva. Majani yake, mfugaji aelewe, huwadhuru ng'ombe.