Sprinti ya usanifu kwa timu yenye muda mfupi: dhana potofu na ukweli

"Muda hautoshi, kwa hiyo majaribio ya watumiaji tuyaache." Kauli hii nimeisikia kwa wateja mara nyingi mno, na kila mara huniudhi upya. Katika sprinti ya usanifu, yaani utaratibu wa siku tano wa kubuni suluhisho na kulijaribu, ulioasisiwa na Jake Knapp akiwa Google, Jumatatu timu huchora ramani ya tatizo, Jumanne huchora masuluhisho, Jumatano huamua, Alhamisi hutengeneza kielelezo (mfano wa majaribio wa suluhisho hilo), na Ijumaa hukiweka mbele ya watumiaji watano. Siku nne za kwanza zipo kwa ajili ya hiyo ya tano. Ukiifuta, kilichobaki ni kikao kirefu cha maoni.

Pa kupunguza ni mwanzoni. Wataalamu wa ndani wahojiwe kwa simu wiki iliyotangulia, swali libanwe hadi libaki moja, na kielelezo kiwe skrini chache zinazogusa swali hilo tu. Timu moja niliyoiongoza ilitaka kuchunguza programu nzima ya kuweka miadi kwa siku mbili. Baada ya mabishano tukabaki na hatua ya kuthibitisha saa, tukaijenga kwa slaidi nne. Mtumiaji wa kwanza alichagua saa, akaifunga programu akiamini amemaliza, ilhali kitufe cha kuthibitisha kilikuwa chini ya skrini, hakijaguswa. Wa pili alifanya vivyo hivyo. Sisi tuliokitengeneza tulikuwa tumekipita kitufe hicho mara kadhaa bila kuona tatizo lolote.

Wengine husema watu watano ni wachache mno. Kwa makadirio aliyoyaeleza Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti na programu, mwaka 2000, watano hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi, na siku zikibana mimi hukubali hata watatu.

Kwamba sprinti haiwezekani bila mchoraji hodari, si kweli: kuchora mawazo manane katika visanduku vinane kwa dakika nane, kwa kalamu na karatasi, kunamtosha yeyote.

Kuigawa sprinti saa moja moja kwa wiki tatu nako hakuokoi muda, kwa kuwa nusu ya kila saa huishia katika kukumbushana mlipoachia. Nusu siku nne zinazofuatana zinafaa zaidi, mradi mwenye kauli ya mwisho awepo saa ya uamuzi. Nami huwaomba wateja wangu wawaalike watumiaji wa kujaribu kabla hata hawajaandaa chumba, kwa sababu miadi iliyokwisha kutolewa kwa watu wa nje ni vigumu kuifuta.