Rangi ya mafuta haiponyi ukuta wenye unyevu

Kuna ujumbe wa siku nyingi kwenye magrupu: ukuta wa nje ukinyonya maji, upake rangi ya mafuta mikono miwili, tatizo litaisha. Si kweli. Rangi hiyo huzuia mvua inayopiga ukutani, lakini mara nyingi maji hupanda kutoka ardhini kupitia msingi, au huingia kwenye nyufa na chini ya gata inayovuja. Yakifungiwa ndani, rangi huvimba malengelenge. Ukitoboa moja unakuta maji na unga mweupe wa chumvi. Baadaye plasta humomonyoka.

Wengi huamini kwa sababu miezi ya mwanzo ukuta huonekana mkavu kabisa.

Pima mwenyewe. Upande wa ndani, bandika nailoni ya sentimita 50 kwa 50, ziba kingo zote kwa selotepu, subiri saa 24. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa mbele, ni mvuke wa chumbani.

Tafadhali, usiusambaze ujumbe huo; unaharibu nyumba za watu. Rekebisha gata, ziba nyufa, na ondoa udongo uliorundikana ukutani mpaka ubaki sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu (utando wa nailoni au lami uliolazwa ndani ya ukuta, juu kidogo ya msingi). Ukuta ukishakauka, jambo linaloweza kuchukua miezi, ndipo upake rangi inayopitisha mvuke.